Shamba Lenye Magofu: Mwongozo Kamili wa Kulima, Kufuga na Kutunza Ardhi Yenye Mabaki ya Kale

Kutoka Lamu mpaka Mikindani, na visiwani Unguja, Pemba na Mafia, kuna mashamba mengi yanayolimwa juu ya miji iliyohamwa karne kadhaa zilizopita. Mkulima akipiga jembe anaibua kigae cha chungu, ushanga, pengine kipande cha bakuli la kijani lililotoka Uchina. Mwongozo huu ni wa mkulima huyo, na wa serikali ya kijiji chake. Haumtaki aache shamba liwe pori. Unamwonyesha namna ya kulima, kufuga na kupanda bila kuvuruga kilichomo chini.

Thamani ya eneo la kale haimo sana katika kitu kinachookotwa. Imo katika mpangilio wa udongo. Sakafu ya chokaa ikiwa chini ya jivu, na jivu likiwa chini ya kifusi cha ukuta, hapo pana habari nzima: nyumba ilikaliwa, ikaungua, ikaanguka. Jembe likishayachanganya matabaka hayo, kigae kitabaki kigae, lakini hakitasema tena ni cha lini wala kilifikaje pale. Ukuta uliobomoka unaweza kujengwa upya. Tabaka lililochanganywa halina fundi. Ndiyo maana kabla ya kazi yoyote katika shamba la namna hii tunauliza kwanza kina: kazi hii inashuka sentimita ngapi?

Jua mabaki yanaishia wapi

Kosa la kwanza, na ndilo linaloharibu mengi, ni kudhani kwamba eneo la kale ni ule ukuta unaoonekana. Katika miji ya kale ya Waswahili nyumba nyingi zilikuwa za miti na udongo. Mawe yalikuwa ya msikiti, ya makaburi na ya nyumba za wenye uwezo. Nyumba ya udongo haiachi ukuta. Ikiungua inaacha mabonge mekundu, magumu kama tofali. Ligeuze bonge moja uangalie upande wa pili. Ukiona mfereji laini wa mviringo, mpana kama kidole au kama mkono, hiyo ni alama ya fito au nguzo iliyokandikwa udongo siku nyumba ilipojengwa. Bonge kama hilo likiwa mita 80 kutoka msikitini, basi mji ulifika hapo, hata kama leo pana mihogo mitupu.

Kagua baada ya mvua mbili tatu za mwanzo wa msimu, vumbi likishaoshwa na magugu yakiwa bado mafupi. Watu wanne au watano watembee kwa mistari iliyonyooka, mita 5 kati ya mtu na mtu. Watafute vigae, shanga, makombe mengi mahali pasipokuwa ufuoni, mawe ya matumbawe yaliyochongwa, mavi ya chuma (masalia ya kuyeyusha chuma) pamoja na vipande vya mirija ya udongo ya mivukuto, visima vya kale vilivyojengewa kwa mawe, na udongo mweusi wa jivu katikati ya mchanga mweupe. Kundi la mibuyu ni dalili nzuri ila si ushahidi.

Kila panapoonekana vigae vitano au zaidi katika hatua moja ya mraba, lazeni tawi la kijani juu ya ardhi. Vigae vyenyewe viacheni palepale. Ukaguzi ukiisha, matawi yatawaonyesha umbo la eneo. Ongezeni mita 10 nje ya tawi la mwisho kila upande, mchukue alama za pembe kwa simu yenye GPS, kisha muweke mpaka kwa mawe yaliyopakwa chokaa na kulazwa tu juu ya ardhi. Mawe hayo yasitoke kwenye magofu, na msichimbie nguzo.

Toa taarifa, liingie kwenye ramani

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kuchimba kutafuta mabaki bila leseni ni kosa. Zanzibar ina sheria yake. Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006, inayomtaka aliyegundua mabaki atoe taarifa kwa Makumbusho ya Kitaifa ndani ya siku 7. Anza na mtendaji wa kijiji au chifu, umwombe aandike. Taarifa yenye manufaa inasema tarehe, mahali, kina kilichofikiwa na kazi iliyokuwa ikifanyika, ikiwa na picha ambayo kando ya kitu pamewekwa rula au sarafu ili ukubwa uonekane. Kitu kikiwa bado nusu ardhini, kiache hivyo hivyo, ukifunike kwa udongo uleule.

Kwa Tanzania kuna njia nyingine yenye nguvu kuliko kibao chochote cha onyo: mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji ukilitenga eneo hilo katika mpango na sheria ndogo zikapitishwa, mwenyekiti anayekuja kesho hawezi kuligawa viwanja kimyakimya.

Kina cha kila kazi

Katika maeneo mengi ya pwani sakafu za juu kabisa hazifiki nusu mita kutoka usoni mwa ardhi, na nyingine ziko sentimita 20 tu. Linganisha na hivi:

- Kijiti cha kupandia: sm 5–8
- Jembe la mkono: sm 10–20
- Plau ya ng'ombe: sm 10–20
- Plau ya trekta: sm 20–30
- Plau ya kuvunja tabaka gumu: sm 40–60
- Shimo la mgomba: sm 60
- Nguzo ya uzio: sm 60
- Shimo la mnazi: sm 60–90
- Choo cha shimo: mita 3 na zaidi

Watu husema, "Hapa tumelima tangu enzi za babu, kilichoharibika kimeshaharibika." Hoja hii inasikika vizuri lakini si kweli, hasa penye mteremko. Kila masika yanachukua udongo kidogo wa juu na kuuteremsha bondeni. Jembe linashuka sentimita 15 zilezile kutoka usoni, ila uso wenyewe umeshuka. Ina maana kila baada ya miaka michache linakata udongo ambao halikuwahi kuugusa. Dalili zake ziko wazi: vigae vyenye kingo kali na rangi mbichi vinaanza kuonekana (vya zamani kwenye udongo wa juu huwa vimesuguliwa hadi vikawa butu), vipande vyeupe vya sakafu ya chokaa vinatoka, na mifupa. Ukiviona hivyo, acha kutifua msimu huohuo.

Cha kupanda na namna ya kukipanda

Panapowezekana, sehemu yenye mabaki mengi iwe ya majani. Ukoka unafaa kuliko vyote: mizizi yake mingi imesukana karibu na uso, unashika udongo, na unalishwa. Pandikiza vipande vyenye mizizi, sm 30 kati ya kimoja na kingine, mwanzo wa masika. Kwa kila kipande toboa kwa kijiti tu.

Familia ikihitaji chakula kutoka sehemu hiyo, lima bila kutifua. Fyeka majani, yaache yawe matandazo, toboa kwa kijiti, panda. Mahindi, mtama, kunde, choroko na ufuta vyote vinakubali. Palizi iwe ya kukwangua juu kwa jembe lililolazwa, au kung'oa kwa mkono baada ya mvua. Msimu wa kwanza magugu yatakushinda nguvu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakarudi kwenye jembe. Weka matandazo mazito, unene wa kiganja, na upande kunde kati ya mistari ya mahindi zifunike ardhi mapema.

Mihogo na viazi vitamu vihamishiwe nje ya mpaka. Muhogo unaumiza mara mbili, kwanza wakati wa kupiga matuta, kisha wakati wa kung'oa, maana kila shina linanyanyuka na bonge la udongo na kuacha shimo. Viazi vikuu ni vibaya zaidi. Matuta ya viazi vitamu yanakwangua udongo wa mita nzima na kuurundika mahali pamoja, mwaka unaofuata yanahamishwa, na ndani ya misimu minne hakuna kipande ambacho hakijageuzwa.

Minazi, miembe na mikorosho iliyokwisha kuwapo iachwe iishi umri wake. Usichimbe shimo la mche mpya ndani ya eneo. Mti ukifa, ukate usawa wa ardhi, kisiki kiozee hapohapo. Kung'oa kisiki ni sawa na kuchimba shimo la mita mbili. Mti mkubwa ulioegemea upande mmoja upunguzwe matawi upande huo kabla ya upepo wa kusi. Ukianguka wenyewe, sahani ya mizizi itang'oa matabaka yote na kuyasimamisha wima. Ikitokea hivyo, kata shina mita moja juu ya mizizi, usilipasue bonge, uite maafisa wa mambo ya kale walione. Mara nyingi bonge hurudi lenyewe shimoni shina likishakatwa, kwa hiyo mtu asisimame shimoni wakati wa kukata.

Trekta isiingie udongo ukiwa umelowa. Magurudumu yanaacha mifereji, na mifereji inakuwa njia ya maji.

Maji yanayoteremka

Mtaalamu wa kilimo atashauri fanya juu (mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu uwe tuta) au makinga maji ya kuchimba. Ni ushauri mzuri, ila si hapa: mtaro wa fanya juu unashuka kama sm 60. Uchimbwe juu ya eneo, nje ya mpaka, ili maji yakatwe kabla hayajafika, na mwisho wake uelekezwe penye majani mengi, mbali na magofu. Majani ya vetiva nayo husifiwa kwa kushika udongo, na inastahili sifa, lakini mizizi yake inashuka mita mbili na zaidi. Ipande nje ya mpaka vilevile. Ndani tumia mistari ya mabua na matawi yaliyolazwa kukata mteremko, mita 10 kati ya mstari na mstari, ukipunguza hadi mita 5 kadiri mteremko unavyozidi ukali.

Korongo likishaanza kukata ndani ya eneo, usilichonge kuta. Piga picha pande zote mbili kwanza, kwa kuwa matabaka yanaonekana. Tandika mchanga safi sm 5–10 chini na kwenye kuta, halafu panga viroba vya udongo kama matofali, ukianzia chini. Udongo utoke mahali ambapo hapana hata kigae kimoja. Ukileta udongo wenye vigae vya kwingine, umeandika uongo ardhini. Funika viroba kwa udongo sm 10 na upande ukoka juu yake, kwani kiroba kikikaa juani hupasuka ndani ya miezi michache na kumwaga kila kitu.

Miti na vichaka kwenye kuta

Hapa ndipo nia njema inapobomoa. Kijana anapewa panga asafishe magofu kwa ajili ya sherehe au ugeni, anang'oa kila kilichoota, na masika yakija ukuta uliosimama miaka mia tano unalala chini. Chokaa ya ndani ya ukuta imeshalainika, na mizizi ndiyo ilikuwa imebaki kushika mawe.

Kanuni zetu ni hizi. Mche mwembamba kuliko kalamu, unaotoka kwa kuvutwa na vidole viwili bila jiwe kutikisika, ng'oa. Mnene kuliko huo usiung'oe: kata karibu na jiwe kwa msumeno mdogo. Usitumie panga, kwa sababu pigo linatikisa ukuta. Mwarobaini na miti ya jamii ya mkuyu huchipua tena kwa nguvu, hivyo rudi kila baada ya wiki sita ukate machipukizi mpaka kisiki kichoke. Mahali ambapo hakuna kisima jirani, dawa yenye glaifosati inaweza kupakwa kwa brashi kwenye kisiki ndani ya dakika chache baada ya kukata, pembeni chini ya gome, kwa kipimo cha lebo. Usiinyunyize. Mti mzima uliokumbatia ukuta haukatwi bila mtaalamu wa majengo ya kale. Punguza matawi tu usiyumbishwe na upepo.

Wala usiondoe kivuli chote. Gede, karibu na Malindi, ambayo mwaka 2024 iliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia, imesimama ndani ya msitu. Majani makavu chini ya miti yanavunja nguvu ya matone ya mvua. Ardhi iliyofagiliwa ikawa nyeupe inapoteza udongo haraka kuliko shamba. Fanya usafi mwishoni mwa mvua, fyeka uache majani ya urefu wa kiganja.

Ukuta unaotaka kuanguka usiuzibe kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na inafungia unyevu na chumvi ndani, jiwe linamomonyoka kandokando na saruji inabaki imening'inia kama ganda. Ukarabati ni wa chokaa iliyoiva na mchanga usio na chumvi, na ni kazi ya fundi aliyefunzwa chini ya idara husika. Wewe egemeza kwa magogo yaliyokalia ubao mpana juu ya ardhi, zuia watu wasipite, toa taarifa.

Moto

Jiwe la matumbawe ndilo linalochomwa kuwa chokaa, kwa hiyo hakuna haja ya kueleza sana moto unalifanya nini. Moto wa majani hupita haraka na kupasua lipu. Rundo la magogo likiungua limeegemea ukuta linaweza kuligeuza jiwe kuwa unga. Kabla ya kiangazi fyeka ukanda wa mita 4 kuzunguka mpaka, kwa nje, na uondoe majani makavu kwa reki. Takataka za shamba zisirundikwe wala kuchomwa ndani. Tanuri la mkaa vilevile, kwa kuwa linachimba, linachoma na linaacha jivu jipya juu ya la kale.

Mifugo

Ng'ombe na kondoo wachache ni rafiki wa eneo la ukoka, maana wanazuia vichaka. Madhara yanatokea wanapokusanyika mahali pamoja. Hori la maji, jiwe la chumvi na zizi viwe angalau mita 50 kutoka mpaka. Mbuzi wasiachiwe kwenye magofu, hupanda kuta na kuangusha mawe ya juu. Majani yakishuka chini ya sm 5, au ukaona njia nyembamba isiyo na jani, ondoa mifugo mpaka mvua irudi, na uitandaze miiba juu ya njia hiyo. Uzio wa matawi ya miiba yaliyolazwa unatosha na haugusi ardhi ya chini.

Mawe, makaburi na wachimba hazina

Mawe yaliyoanguka yana mpangilio wake pia: yanaonyesha ukuta uliangukia upande gani. Yasibebwe kwenda kujengea wala kuchomwa chokaa, na yasipangwe vizuri ili papendeze.

Maziko mapya kando ya makaburi ya kale ni jambo la kuzungumza kwa adabu na wazee, imamu na familia zenye nasaba pale, mapema, kabla msiba haujatokea. Kijiji kipange sehemu ya kuzikia jirani, nje ya mpaka. Hali kadhalika kwa wanaokuja kutambika au kuzuru kaburi: ubani na vitambaa havina neno, mradi chetezo kiwekwe juu ya sahani, mbali na lipu.

Wachimba hazina huongozwa na uvumi wa rupia na mali ya Wajerumani, na makaburi ya nguzo (ya kale, yenye nguzo ya mawe iliyosimama) hubanduliwa bakuli zilizopachikwa ukutani. Kijiji kiseme waziwazi, mkutanoni, kwamba katika maeneo haya kinachotoka ni vigae na mifupa. Ukikuta shimo jipya, usilichimbe zaidi wala usilisafishe. Pima upana na kina, piga picha, toa taarifa polisi na kwa afisa wa mambo ya kale. Ukiruhusiwa kulifukia, weka sarafu ya mwaka huu chini kabisa, tandika mchanga safi sm 10, kisha rudisha udongo ukishindilia kwa miguu kila sm 20, na uache mwinuko wa sm 10 kwa kuwa utashuka. Atakayechimba kihalali miaka mia ijayo ataikuta ile sarafu na kujua mara moja kwamba shimo lilifukiwa siku zetu.

Eneo likiwa ufukweni

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, yakatoka humo mwaka 2014 baada ya kazi ndefu, na kupanda mikoko ni sehemu ya kazi hiyo. Mikoko inasaidia pale tu ilipowahi kuwapo, kwenye tope linalofunikwa na maji ya bamvua na kuachwa wazi yakikupwa. Ukiipanda kwenye mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi ya kusi, utairudia kila mwaka bure. Upande wa bahari wazi panda aina ya mikoko iitwayo mlilana, nyuma yake mkoko wenyewe, mita moja kati ya mche na mche. Mbegu ndefu ya mkoko ichomekwe theluthi moja tu, ncha nyembamba yenye mzizi chini. Ifungie njia ya ngalawa na mbuzi. Hesabu miaka mitatu mpaka mitano kabla haijavunja wimbi, na katika muda huo mchanga na mawe ya ufukweni visichukuliwe hata ndoo moja. Kukata mikoko iliyopo kunahitaji kibali cha misitu, na kwenye ukingo wenye magofu kisiombwe.

Ukaguzi wa kila mwaka

Chagua sehemu sita hadi kumi za kusimama, uzitambulishe kwa vitu visivyohama: pembe ya kibla, mbuyu, mdomo wa kisima. Kila mwaka, wiki mbili baada ya masika kuisha na tena mwisho wa kiangazi, piga picha ileile kutoka hapohapo, simu ikiwa usawa wa kifua. Linganisha na za mwaka jana: nyufa, mawe yaliyohama, mizizi iliyoachwa wazi, vijiwe vilivyobaki vimesimama juu ya vinguzo vidogo vya udongo, ambayo ni dalili kwamba mvua inakula uso wa ardhi. Nakala moja ikae ofisi ya kijiji, nyingine kwa afisa wa mambo ya kale, na ya tatu kwa mtu ambaye simu yake haipotei.